Soksi za Mguu wa Kushoto

Sogezeni viti, wanangu. Wewe binti yangu kaa huku, upande wa sikio langu zima, na wewe mwanangu, kocha, kaa hapo miguuni nikuone uso, maana sauti yako naijua, ila uso umekuwa ukinificha tangu tulipomzika mama yenu. Dirisha liacheni wazi. Ligi imesimama, nyasi zinamwagiliwa, na kutoka hapa kitandani maji yale yanayozunguka yanaonekana kama watu wembamba, weupe, wanaokimbia bila mpira. Asubuhi nzima nimekuwa nikiwapanga. Huyu kulia, huyu kushoto, huyu akae katikati asitangetange. Hawachoki hao, wala hawaniulizi mkataba.

Nisikilizeni sasa, kwa kuwa pumzi yangu imekuwa fupi na Mwenyezi Mungu hakuniahidi jioni. Kesho saa sita mchana orodha ya wachezaji tunaobaki nao inatakiwa kufika shirikisho, na haiendi bila sahihi yangu, kwa sababu klabu hii tuliianzisha mimi na mama yenu, na katiba yake inasema mzee akiwa hai, kalamu ni yake. Majina yote yamekwishapata alama. Limebaki moja. Bawaba.

Kwa jina hilo nyinyi wawili hamjala meza moja tangu msiba. Mnadhani sikusikia pale ukumbini? Kocha ulisema, "Mechi thelathini, mabao manne. Namba tisa gani huyo? Hata kipa wetu kafunga moja." Na dada yako akakujibu, "Na hayo mengine yalipita mguuni kwa nani? Au siku hizo ulikuwa unatazama jukwaa, mheshimiwa?" Nilicheka peke yangu humu ndani, kisha nikalia, maana wote wawili mlisema kweli, na wenye ukweli wawili ni wagumu kupatana kuliko mkweli na mwongo.

Ni kweli mashambulizi yetu yamekuwa ya polepole. Ni kweli pia kwamba mbele yetu hakuna anayeupokea mpira akiwa amelipa goli mgongo, akaukalisha, akageukia mguu wa kushoto na kuwafungulia wenzake mlango wapite, kama afanyavyo yeye. Jina hilo hakupewa bure. Alikuja hapa ana miaka kumi na sita na mfuko mmoja wa nguo, mama yenu akamtazama akasema, "Huyu kwanza ale." Miaka kumi na saba amekula. Wewe binti yangu unamwita kaka, na unaniambia mtu hamwachi ndugu yake. Umesema vyema. Lakini ngoja.

Mnamjua mama yenu na nguo za wachezaji. Hata tulipopata mashine na wafuaji, kapu la washambuliaji hakumpa mtu. Alikuwa akizisoma nguo zile kama mwingine asomavyo barua. Mwenye matope ubavuni, aliniambia, huyo ameutelezea mpira. Mwenye matope mgongoni amejiangusha, anaomba penalti. Na anayerudi na jezi safi baada ya dakika tisini, huyo ni mgeni mwalikwa, mpe soda aende kwao. Kila msimu ulipokwisha, kabla sijaandika jina la kubaki wala la kuondoka, nilikuwa namuuliza yeye. Watu walinisifu kuwa nina jicho. Jicho lilikuwa la kwake. Huu ndio usajili wangu wa kwanza bila yeye, na miezi miwili nimekaa na kalamu mkononi kama mtoto asiyejua kuandika.

Basi juzi, baada ya sala ya mchana, usingizi ukanichukua. Nikaiona kamba ya nguo nyuma ya nyumba, jezi zimeanikwa, upepo ukaziingia zikajaa vifua na mabega, zikaanza kucheza. Zinapasiana, zinaitana, na mimi nimekaa juu ya ndoo natazama, nina furaha ambayo sikuwa nayo hata siku tuliyochukua kombe. Namba tisa peke yake haikujaa. Ilining'inia tu. Mama yenu akatoka jikoni, akaifungua kibanio kimoja, kisha cha pili, akaikunja, akaiweka kwapani. Nikamwambia, "Mbona unaianua, haijakauka." Akasema, "Imekauka zamani, baba watoto. Ni wewe unayetaka iendelee kuning'inia."

Nilipoamka nikamwomba muuguzi aniletee kapu lake la kushonea, lile lililo chini ya cherehani. Hebu lifungue, binti yangu. Usiogope. Ni soksi tu. Jozi kumi na moja, zote za Bawaba. Tazama za kulia: nzima. Tazama za kushoto, hapo kwenye kidole gumba. Geuza ndani nje. Umeona? Kila moja imetobolewa na kushonwa kwa uzi wa rangi ile ile, mshono mdogo ambao hata kocha hawezi kuuona. Mtu anayetoboa soksi ya mguu mmoja, tena pale pale, anauburuta mguu huo. Mguu ule anaogeukia. Mama yenu aliuona tangu katikati ya msimu, na badala ya kusema, akashona. Akashona hadi wiki ile aliyolala asiamke. Mficha maradhi, kifo humuumbua, na hapa kifo kimemuumbua aliyekuwa akimfichia mwenzake kwa mapenzi.

Simlaumu. Nani nimlaumu, wakati mimi nilitangulia kulifanya kosa hilo hilo? Yule mkata tiketi wa getini, mnayemwona na fimbo yake, nyinyi mlikuwa wadogo alipokuwa winga wetu. Alikuja kuniambia goti halimpi raha, nikamwambia, "Msimu mmoja tu, mdogo wangu, kwa ajili yangu." Nilimpenda, nikashindwa kumwacha. Goti likavunjika mechi ya tatu. Tangu siku hiyo naingia uwanjani kwa mlango wa nyuma nisikutane na fimbo ile. Hilo ndilo deni langu duniani, na halilipwi kwa fedha. Mwendeeni, mumwambie mzee ameomba radhi, na kwamba alipaswa kuomba akiwa na miguu ya kwenda mwenyewe.

Kwa hiyo Bawaba anaachwa. Tulia, binti yangu. Mtoto hatupwi, lakini jezi huvuliwa. Mvue angali anatembea.

Na wewe kocha usitabasamu, kwa sababu nakujua vizuri kuliko unavyojijua. Hesabu yako ni sahihi ila haikuanzia kwenye mabao. Ilianzia siku niliyobandika karatasi kwenye mlango wa vyumba vya kubadilishia nguo, namba tisa jina lake, na jina lako wewe, mwanangu wa kukuzaa, halimo hata benchi. Ulilisoma mbele ya wenzako, viatu vyenye maji mkononi. Nilikuwa ndani, nyuma ya mlango ule ule, naisikia pumzi yako, sikutoka. Niliogopa uso wako. Halafu ukarudi nyumbani ukamkuta mama yako anamtilia Bawaba chakula. Miaka kumi na miwili umelibeba hilo, na mimi nimejifanya sijui. Nisamehe, mwanangu. Sikukosea kukuacha, maana hukuwa mfungaji, ulikuwa kocha tangu tumboni. Nilikosea kukuacha kwa karatasi.

Kwa hiyo shirikisho watapata karatasi, lakini Bawaba hapati karatasi. Atapata watu. Utamwambia wewe kwa mdomo wako, na dada yako atasimama pembeni yako, aone kwamba ndugu anaweza kuambiwa ukweli na akabaki ndugu. Kisha mtakuja naye kula. Chumba cha nyuma ni chake, nimesema mbele ya Mungu, na akikubali, awafundishe washambuliaji.

Nipeni maji kidogo. Ahsante.

Kuhusu mbele yetu msimu ujao, msimtafute Bawaba wa pili. Mkimtafuta mtapata kivuli chake, na kivuli hakipigi mpira. Yule mdogo wa winga ya kulia, mnayemwita Sindano, mwingizeni katikati. Amezoea kusubiri kufunguliwa mlango, sasa ajifunze kuusukuma. Na hao wawili wenye mbio unaowataka, kocha, wasajili, ila wafundishe kusimama kabla ya kukimbia. Mwanzoni mtateseka. Mechi tano, sita, mbele patakuwa kimya kama nyumba iliyohamwa, na jukwaa litalitaja jina lake. Msiyumbe. Subira yavuta heri. Mimi nimeshawaona wakicheza, kule nilikokuwa juzi, na mabao yalikuja.

Nyumba ni yenu wote wawili. Cherehani ni ya binti yangu. Kalamu nawaachia pamoja: kuanzia leo jina halibaki wala haliondoki bila sahihi mbili, ili mlazimike kuzungumza hata siku msizopendana.

Leteni orodha. Nishike mkono nitie sahihi. Hapo... Tayari.

Sasa inukeni. Msikae kunitazama, kufa si mechi, hakuhitaji jukwaa, na muuguzi yupo. Bawaba yule pale chini, anazunguka uwanja peke yake, kama kila alasiri, likizo au si likizo. Mfuateni kabla hajamaliza mzunguko. Inameni kwanza niwaguse vichwa. Mwenyezi Mungu awape macho ya mama yenu na ulimi ambao mimi sikuwa nao. Awaepushe na mapenzi yanayoficha na ukweli unaojificha nyuma ya mlango. Kilichounganishwa na chakula cha mama yenu, kisitenganishwe na mpira. Amina. Nendeni.

Mlango mmeuacha wazi. Vizuri.

Ngazi... wanashuka wote... Wamepita getini. Amewaona. Amesimama, ameshika kiuno, anatweta. Kocha anasema... Mama watoto, anasema kwa mdomo wake. Bawaba ameinamisha kichwa. Binti anafuta uso.

Kocha amempa bega. Ameegemea... amemwegemea.

Wanakuja. Watatu. Polepole... wanakwenda mwendo wake.