Miwani ya Kisogoni

Jumatatu ile daktari mkuu alipompa mke wangu miwani ndipo mambo yalipoharibika. Alikuwa haoni upande wa kushoto; siku ya tatu nikamzika.

Leo basini, mbele yangu, fundi cherehani alimlalamikia binti anayefanya kazi maabara ya ubongo: "Macho mazima, lakini tangu jana nusu ya kitambaa siioni. Daktari mkuu amenipa miwani." Binti akashtuka. "Mama, kuona kunafanyika kisogoni, ndani ya ubongo. Zipo seli za kuchochea, zipo za kutuliza, na zipo za kuwatuliza hao watulizaji. Zikikosa damu, miwani itafanya nini?" "Loo! Hata humo kuna wakubwa wa wakubwa?" Wapo, nikawaza, ila wa humo wanafanya kazi.

Basi likasimama. "Rudi hospitali sasa hivi!" binti akasema.

"Kwa nani, mwanangu? Kwa yuleyule aliyenipa miwani?"