Sehemu ya Mwisho

Katika basi la Gitega kwenda Muyinga, mama aliyevaa nguo za msiba alimwambia fundi wa madishi aliyeketi kando yake, kiti cha mbele yangu, kwamba, tangu king'amuzi kiunganishwe na intaneti, marehemu mumewe anaendelea kuangalia tamthilia yake.

"Bon, mama, iko mtu mwenye anajua neno lake la siri. Mi nitamufuta kwenye king'amuzi leo."

"Nyumba naifunga mwenyewe. Kila Jumapili nikirudi kanisani, sehemu moja imeshaangaliwa, na sauti imepandishwa kwa ajili ya sikio lake bovu."

Fundi, aliyekuwa akijisifu tangu Gitega, akaanza kufunga mkoba wake wa vifaa. Mimi nikajifanya nimelala.

Basi liliposimama Muyinga, mama akamshika fundi mkono.

"Usimfute, kaka. Imebaki sehemu ya mwisho, na Jumapili hii siendi kanisani."