Bi. Kendi Kirigia na Hewa Iliyofungwa Barafuni

Ijumaa ya tarehe 27 Juni 2025, baada ya miaka ishirini na saba katika maabara ya barafu, Bi. Kendi Kirigia alilivua koti lake zito kwa mara ya mwisho, akalitundika nje ya chumba baridi, akafunga mlango. Maabara ilimuaga siku hiyo hiyo kwa Kiingereza, kwa keki na hotuba. Leo Jumamosi, katika ukumbi huu wa Guildford, hapa Sydney, tunamuaga kwa lugha aliyokuwa akiitumia kugombeza mashine kila zilipokwama.

Wengi wenu mnamjua kwa sauti yake ya kwaya, na baadhi yenu mmekiri kwamba miaka yote hii mlidhani anafanya kazi kwenye friza za samaki. Si vibaya. Mimi ninayeandika haya, niliyefanya naye kazi tangu 2009, niliwahi kumweleza mama yangu kwa simu shughuli za chumba kile, na mama akauliza kama Australia wameishiwa kazi za kufanya. Basi tuelezane vizuri.

Theluji inayoanguka katikati ya Antaktika haiyeyuki. Inalaliwa na theluji ya mwaka unaofuata, na ya mwaka mwingine, mpaka uzito unaibana na kuigeuza barafu. Ile hewa iliyokuwa katikati ya chembe za theluji inakosa pa kutokea. Inabaki humo, imefungwa katika viputo vidogo kama vichwa vya pini. Wachimbaji huteremsha keekee ndefu na kutoa barafu hiyo ikiwa na umbo la magogo, na kadiri gogo linavyotoka chini zaidi, ndivyo hewa yake ilivyo ya zamani zaidi. Kazi ya Bi. Kendi ilikuwa kuyapokea magogo hayo, kuyatunza, kuyakata kwa msumeno, kuyatia katika chombo cha chuma kilichofyonzwa hewa yote, kisha kuyayeyusha taratibu ili viputo viachie kile vilichokishika. Hewa hiyo huingia katika kijibomba cha glasi kisichozidi unene wa kalamu. Ikipenya hewa ya leo hata kidogo, sampuli imekufa. Zake zilikufa mara chache sana, na kila mara alizisikitikia kama mtu aliyeunguza ugali wa wageni.

Alizaliwa Nkubu, Meru. Alikuja Sydney kama mwanafunzi, akatunza wazee Westmead huku akisomea ufundi wa maabara. Mwaka 1998 aliajiriwa kwetu kuosha vyombo vya glasi. Baada ya muda mfupi mkuu wa wakati huo aligundua kwamba vyombo vilivyooshwa na Kendi havivuji, kwa sababu alikuwa akivijaribu kwa povu la sabuni kabla ya kuvirudisha kabatini: palipotokea kiputo, hapo pana ufa. Akahamishiwa chumba baridi, na tangu hapo hakuna aliyethubutu kumhamisha tena.

Kuna jambo moja, hata hivyo, ambalo hakulianza vizuri. Mandazi yake ya kwanza ya chai ya saa nne yalikuwa magumu kiasi kwamba fundi mmoja alilitumia moja kuzuia mlango, na mlango ukazuilika. Bi. Kendi hakununa. Alikwenda nyumbani akaanza upya, akajifunza kuuacha unga uumuke bila kuufunuafunua, na kutoukandamiza tena wakati wa kukata. Ilimchukua muda. Siku mandazi yalipotoka yamevimba, mepesi, na tundu katikati, aliyaleta akayakata mbele yetu wote kama anayekata utepe. Baadaye yakawa somo lake kwa kila kundi la wanafunzi wa shule waliotutembelea. Aliwaonyesha andazi, kisha kipande cha barafu, akawaambia kwamba vyote viwili vimebeba hewa iliyofungiwa ndani. Tofauti ni kwamba ya andazi imetengenezwa na hamira asubuhi ile, na ya barafu imetoka angani kabla babu za babu zao hawajazaliwa. Kisha walikula andazi. Barafu ilirudi kwenye friza.

Sasa tuje kwenye siku ambayo wengi mmeomba isimuliwe.

Ilikuwa Jumamosi ya Januari 2020. Waliokuwa hapa wanaukumbuka msimu ule: moshi wa mioto ya msituni, jua jekundu, na joto lililopita nyuzi arobaini na tano huku kwetu magharibi mwa jiji. Kabla ya adhuhuri umeme ulikatika katika mtaa mzima wa maabara. Jenereta iliwaka, ikakohoa, ikazima. Fundi aliifungua, akatikisa kichwa, akasema kipuri kinachotakiwa hakiwezi kupatikana kabla ya Jumatatu.

Ndani ya chumba baridi mlikuwa na magogo ya mwisho kutoka kisima kimoja kilichochimbwa kwa misimu mitatu, katika kambi iliyokwisha kufungwa. Hewa yake ilikuwa ya miaka kama mia nne iliyopita, kabla ya viwanda. Hakukuwa na nakala. Kama magogo yale yangeyeyuka, maji yangebaki, tena ya kunywa kabisa, lakini hewa ingekwenda zake.

Mkuu wa maabara alifika mbio, bado amevaa kaptula ya kuogelea. Alitaka kufungua mlango. Bi. Kendi alisimama mbele yake.

"Nichungulie tu kidogo, Kendi."

"Ukichungulia, joto nalo linachungulia."

Mkuu alirudi nyuma, akachukua simu, akaanza kuzipigia kampuni za malori ya friji moja baada ya nyingine. Siku ile Sydney nzima ilikuwa inatafuta baridi. Hakupata lori.

Bi. Kendi naye alituma ujumbe kwa wafanyakazi wote: leteni doona za kujifunika kitandani, mifuko ya kulalia, majaketi ya manyoya, chochote kinene kilicho laini. Apondi wa stoo alitoa marobota yote ya plastiki ya viputo, ile ambayo watoto hupenda kuitumbua kwa vidole. Watu walidhani mama wa watu amechanganyikiwa na joto. Alitueleza huku akikunja mikono ya koti: blanketi halitengenezi joto wala baridi, linakamata hewa tu na kuikataza kutembea, na hewa isiyotembea haipitishi joto upesi. Hata maboksi ya magogo yalikuwa ya povu gumu jeupe, ambalo karibu lote ni hewa. Tulifungua mlango mara moja tu. Tukaingia kwa kasi, tukayafunika maboksi kama wagonjwa wa homa, tukatoka. Hewa ya leo ikawa inailinda hewa ya kale.

Lakini alijua, na alituambia wazi, kwamba hiyo ilikuwa njia ya kununua muda tu. Alikaa kwenye ngazi, ametoa koti, jasho likimtiririka, akawa anatazama mikono yake. Nilimwona akiogopa kwa mara ya kwanza. Kisha akainuka ghafla. Alikuwa amemkumbuka Lazare.

Lazare, ambaye leo ameketi pale mbele na suti yake ya buluu, alitoka Bukavu, na wakati ule alikuwa msimamizi wa zamu katika ghala la vyakula vilivyogandishwa huko Auburn. Walijuana kanisani. Bi. Kendi alimpigia, akaweka simu kwa sauti ili sote tusikie.

"Baba Ornella, nina shida kubwa. Nahitaji lori lako na nafasi kwenye friza, sasa hivi."

"Mama Kendi, iko nyama ama iko samaki?"

"Si nyama. Ni barafu."

"Barafu? Mama, barafu wanauzisha ku servo, pale ku petroli!"

"Hii haiuzwi popote. Ndani yake kuna hewa ya miaka mia nne. Ikiyeyuka, imepotea duniani."

Sisi tuliokuwa tukisikiliza tulisahau hata kujipangusa jasho.

"Miye sielewi hiyo mambo ya hewa," Lazare alisema hatimaye. "Lakini nasikia sauti yako. Nakuja."

Alikuja mwenyewe, taulo shingoni. Nyuma ya lori, hata hivyo, nusu ilikuwa imejaa ndoo za aiskrimu zilizokuwa zikipelekwa kwenye maduka ya Fairfield. Maboksi yetu yasingeenea. Lazare alimpigia mwenye ghala, mzee wa Kituruki ambaye hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumwona.

Mzee alisikiliza maelezo yote, kisha akauliza swali moja: "Kuna nguruwe ndani yake?"

"Hakuna, mzee," Bi. Kendi alijibu. "Ni hewa, na chumvi kidogo ya bahari."

"Basi shusheni aiskrimu. Wapeni watu waile, joto limezidi."

Ndoo zikashushwa kwenye zege la maegesho, na maboksi yakaanza kupanda mkono kwa mkono. Mkuu wetu, aliyekuwa akichota aiskrimu kwa kikombe cha chai, alitazama ndoo mojawapo ambayo hakuna aliyeichota na ambayo ilikuwa imeyeyuka juani. Iliposhushwa ilikuwa imejaa hadi ukingoni. Sasa maziwa yalikuwa yamefika katikati tu.

"Nyingine imekwenda wapi?" aliuliza.

"Ilikuwa hewa," Bi. Kendi alisema akipita na boksi kifuani. "Imeondoka, wala haikuaga."

Mkuu aliangusha kikombe, akakimbia kubeba.

Bi. Kendi alipanda mbele pamoja na Lazare. Njiani, Lazare alitusimulia baadaye, Mama Kendi aliimba tu wimbo wa kwaya kwa kupuliza puani, ule ule mmoja, kutoka maabara hadi Auburn. Ghalani waliyaingiza maboksi katikati ya kondoo na samaki. Bi. Kendi alifungua moja, akachomeka kipimajoto ndani ya gogo, akasubiri. Kipimo kilikuwa chini ya kikomo cha hatari, tena mbali. Aliketi juu ya katoni ya mapaja ya kondoo, akacheka mpaka machozi yakataka kumgandia mashavuni. Lazare aliogopa akidhani mama anaugua. Kisha naye akaanza kucheka, bila kujua hasa wanacheka nini.

Magogo yalikaa Auburn hadi jenereta mpya ilipofungwa. Kila siku ya kazi Bi. Kendi alipanda treni kwenda kuyajulia hali. Wafanyakazi wa ghala, wengi wao ndugu zetu wa Kongo, walibandika karatasi juu yake: HEWA YA BABU. USIGUSE. Hakuna aliyegusa. Yaliporudi, karatasi ilirudi nayo, na mpaka leo iko ukutani kwetu.

Mwaka ule, ugonjwa ulipofunga jiji na wengi wetu tukabaki majumbani, aliendelea kuingia chumba baridi peke yake, akakata na kupima gogo baada ya gogo. Hewa ilikuwa safi. Haikuwa imechanganyika hata chembe na ya kwetu. Ripoti ilipochapishwa mwaka 2022, jina la Kendi Kirigia lilikuwa miongoni mwa waandishi, na mwishoni kulikuwa na mstari wa shukrani kwa Lazare na wenzake wa ghala. Binti yake Ornella, ambaye Kiswahili anakisikia vizuri lakini hujibu kwa Kiingereza, aliusoma mezani kwa sauti, akasimama juu ya kiti: "Papa, you're in a science paper!" Lazare akamwambia, "Ndiyo. Miye na kondoo."

Kwa miaka yote hii Bi. Kendi amefundisha mafundi wote wanaoshika msumeno sasa, nami nikiwemo. Alitufundisha kwa ukali na kwa mandazi, na asubuhi ya kazi ngumu tulikuwa hatujui ni kipi kitatangulia. Niliwahi kumuuliza kwa nini hakwenda kwingine, maana walimtaka wengi. Alijibu kwamba kila anapofungua bomba na kuisikia hewa ile ikipita, anajiona kama mkunga. "Unaitoa ndani salama," alisema. "Basi. Kuna kazi gani nyingine?"

Sasa anakwenda Nkubu kwa miezi kadhaa, kisha atarudi kwa wajukuu wake Parramatta. Ameahidi kuwafundisha kuumua unga, na ametuonya tusimpigie simu kuhusu mashine isipokuwa kama inaungua moto.

Ndugu waalikwa, kwenye meza zenu mna glasi za maji. Baada ya hotuba, tutapita na kutia katika kila glasi kipande kidogo cha barafu. Ni makombo ya ukingoni mwa yale magogo ya Auburn, yasiyofaa tena kwa kipimo chochote, na maabara imeturuhusu tuje nayo. Mwenye kuyagawa ni Lazare. Tunaomba muziki uzimwe, watoto watulizwe, na kila mmoja ainamishe sikio juu ya glasi yake. Mtasikia mlio mdogo, kama wa mafuta yanayoanza kupata moto. Ni viputo vinapasuka. Hewa ambayo haijavutwa na mtu kwa miaka mia nne itakuwa inatoka, humu ukumbini, katikati yenu.

Ivuteni. Kisha simameni, mpige vigelegele hadi Auburn wasikie.

Bi. Kendi, asante kwa yote uliyoyatunza. Mungu akupe afya, usingizi mtamu wa asubuhi, na miaka mingi ya raha mbali na baridi.

Wekesa, kwa niaba ya wenzako wote wa chumba baridi