Jina Lililokaa Mfukoni: Maisha ya Mwalimu Manasseh Ombui, 1957–2025

Wachungaji, walimu, majirani na jamaa mliofika hapa Kebirigo, familia imemtuma Geoffrey Ogoti, mdogo wake marehemu, awasomee maisha ya Mwalimu Manasseh Ombui, na imemwomba asifiche kitu.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1957 papa hapa Kebirigo, kifungua mimba wa mzee Ogoti na mama Bitutu, akasoma shule ya msingi miguu mitupu, akafaulu, akaenda chuo cha ualimu, na Januari 1981 akaanza kufundisha biolojia katika shule ya upili karibu na Nyaramba, ambako alikaa hadi alipostaafu mwaka 2017. Alikuwa mkali, tusidanganyane kwa kuwa amelala, lakini alijua jina la kila mwanafunzi na la kila mdudu, na katika maabara yake hapakuwa na jani wala mfupa usio na kikaratasi chenye jina, mahali, tarehe, na jina la aliyeokota.

Tarehe 19 Desemba 1982 alifunga ndoa na Persis Gesare, wakajaliwa Linet mwaka 1984 na Haron mwaka 1987. Haron alikuwa kipenzi cha roho yake, ndiye aliyefuatana naye Mombasa katika safari ya shule Agosti 1999, na kombe dogo jembamba la chaza aliloliokota ufuoni liliingia katika sanduku la baba likiwa na kikaratasi chake. Lakini mwaka 2014 Haron aliacha ualimu, akafungua duka la vipuri vya pikipiki mjini Nyamira, na baba yake kwa hasira akaapa mbele ya watu kwamba jina la kijana huyo halitatoka tena kinywani mwake. Miaka tisa hawakuonana, na Nyamira si mbali.

Tarehe 6 Februari 2023 Mwalimu alipatwa na kiharusi, akapona mwili, maneno mengi yakarudi, ila majina yakakataa, akawa anamwita mkewe huyu wangu, na kikombe hiki cha kunywea. Kusoma alisoma, kulitafuta jina kichwani ndiko kulikomshinda. Daktari mjini Kisii aliandika kwamba ugonjwa huo ni anomia, na Mwalimu alipolisoma neno hilo alicheka mara ya kwanza tangu augue, kwani wataalamu ndivyo walivyoliita pia lile kombe la Haron, akajaribu kueleza, familia ikadhani akili inamtoka.

Tarehe 24 Desemba 2023 Haron alikuja, akijua habari ya kiharusi tu, maana Linet aliona haya kumweleza habari ya majina. Baba alimkumbatia, akamketisha, akamwuliza habari za safari, naye Haron akamwomba jambo moja, amwite kwa jina lake. Mwalimu alifungua kinywa, hakikutoka kitu, akainuka, akaingia chumbani. Haron alidhani kiapo kingalipo, akaacha sukari na mkate mezani, akaondoka, akawa hapokei simu ya mtu wa boma hili. Mwalimu alitoka baadaye na mkongojo wake, ngumi imefumbwa, akasimama langoni hadi Persis alipomrudisha ndani akimkemea kama mtoto. Hakuna aliyemwuliza ameshika nini.

Alifariki tarehe 21 Mei 2025, saa nne asubuhi, hospitalini Kisii, baada ya kiharusi cha pili, bila kumwona mwanawe. Linet, akikunja koti la baba yake, alikuta mfukoni kikaratasi kilichochakaa kwa kushikwashikwa, akakipeleka mwenyewe Nyamira. Haron alikisoma, akafunga duka. Familia haina pa kuupeleka uchungu huu.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliokamua ng'ombe na kuchuma chai tulipokuwa hospitalini, na walimu waliobeba jeneza.

Kilichobaki ni kukisoma kikaratasi hicho, kwa kuwa marehemu alikusudia kukisoma mwenyewe, kwa sauti, siku ile Haron alipokuja. Kimeandikwa hivi: Anomia. Mombasa, tarehe 12 Agosti 1999. Aliyeokota: Haron Ombui, mwanangu.

Pumzika, Mwalimu. Limetajwa.