Fundi wa Lifti na Ndege wa Macho Manne

Ndugu waombolezaji, wazee wetu, majirani, na ninyi mafundi wenzake mliokuja na ovaroli kwa kuwa mmetoka kazini moja kwa moja, familia imenituma mimi mdogo wake niwasomee safari ya kaka yetu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Panda-Shuka, nami nitajitahidi kuisoma bila kukatika, ingawa yeye mwenyewe angesema kuwa chochote kinachopanda lazima kikwame mahali.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Februari 1953, mtoto wa pili kati ya watoto sita, baba yetu akiwa mlinzi wa ghala la nafaka na mama yetu akifua mashuka ya hoteli, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya ghala hilo, mahali ambapo njiwa walikuwa wengi kuliko watu. Mama alipenda kusema kwamba mtoto huyu alijua kutazama juu kabla ya kujua kutembea, na makovu ya magotini anayokwenda nayo leo ni ya siku hizo.

Alianza shule ya msingi mwaka 1960 na kumaliza sekondari mwaka 1971, hakuwa wa kwanza wala wa mkia, na inakumbukwa katika familia yetu kwamba mwalimu wa hisabati alimhamisha kutoka dirishani ili asome, alama zake zikaporomoka, ikabidi arudishwe dirishani. Kisha alijiunga na chuo cha ufundi, akapata cheti cha umeme na mitambo mwaka 1974.

Tarehe 1 Machi 1975 aliajiriwa na kampuni ya kutunza lifti, akaitumikia hadi alipostaafu mwaka 2013. Kazi hiyo, kwa msioijua, ni kazi ya gizani, shimo la lifti halina dirisha, na fundi hushinda humo akinuka grisi, akiwasikia watu wakilalamika upande wa pili wa mlango. Siku moja ya mwaka 1978 aliitwa kuwatoa watu waliokwama katika jengo la ghorofa kumi na nne, akawatoa, akapanda hadi chumba cha mashine kilicho juu ya paa, akafungua mlango mdogo wa chuma apate hewa. Hapo kozi, yule ndege mwindaji, akapita mbele ya uso wake akishuka kumfuata njiwa, karibu kiasi kwamba kaka alimsikia kabla ya kumwona, sauti kama ya kitambaa kinachochanwa, na angani yakabaki manyoya machache yakielea. Alikaa pale na spana mkononi hadi meneja wa jengo alipopanda kumtafuta, akamwuliza kama amepigwa na umeme, naye akajibu kwamba ndiyo, amepigwa.

Tangu siku hiyo hakupona. Alinunua kamera iliyotumika, akaanza kuwafuata ndege kila siku ya mapumziko, akijifunza kuwatambua kwa midomo, kwa miguu, na kwa namna wanavyotua, lakini kidole chake kilikuwa kizito na ndege ni wepesi, hivyo albamu zake za mwanzo zimejaa picha za matawi matupu. Mgeni akifunua na kuuliza hapa pana nini, yeye alijibu kwa utulivu kabisa, "Alikuwa hapo."

Tarehe 20 Desemba 1980 alifunga ndoa na mshonaji wa mapazia, ambaye karakana yake ilikuwa chini ya jengo moja alilolihudumia, na wenzake mpaka leo wanashangaa kwa nini lifti ya jengo lile iliharibika mara nyingi vile mwaka ule. Shemeji yetu hakuwa mtu wa kudanganyika, alimwambia waziwazi kwamba ameolewa na mpiga picha wa matawi, na katika utani huo ndipo walipoweka sheria ya macho manne, kwamba ndege hahesabiwi mpaka wote wawili wawe wamemwona, au picha imwonyeshe. Alimshonea pia kibanda cha kujificha kwa mabaki ya pazia la maua, kaka akasikitika kimoyomoyo kwa sababu maua yale yaling'aa mno, lakini asubuhi ya kwanza ndege chozi, yule mdogo wa kijani anyonyaye maua, alikuja kuingiza mdomo katika ua la kitambaa, ua moja baada ya jingine, shibiri moja kutoka puani kwao. Kamera haikuweza kumpiga kwa ukaribu ule, wala hakuna aliyethubutu kupumua. Wahenga walisema macho hayana pazia, na siku hiyo pazia lenyewe lilikuwa na macho manne.

Mungu aliwajalia watoto watatu, wa kwanza, muuguzi, aliyezaliwa mwaka 1982, wa pili, fundi wa lifti kama baba yake, mwaka 1985, na kitinda mimba, mwalimu, mwaka 1990, wote wakilelewa kwa kuamshwa alfajiri kwenda kunyamaza kando ya maji.

Agosti 1994, kwenye mto ulio nyuma ya mtambo wa kusafishia maji, shemeji alirudi garini kufuata chupa ya chai, na kaka, akiwa anabadilisha filamu, alimwona ndege ambaye vitabu vinasema yupo na watu hawamwoni, mwili umezama nusu, shingo ndefu, miguu ya rangi ya karoti. Shemeji aliporudi akakuta mawimbi madogo tu, akasema umeona bata, Baba. Kaka hakubisha, sheria ni sheria, ndege huyo wakamwita Mtoro, na kila mwaka walirudi mtoni kumtafuta, vichwa vikiota mvi, bila kumpata.

Mwaka 2021 aligunduliwa kuwa na maradhi ya moyo, na Mei 2023 alilazwa ghorofa ya tano ya hospitali, akipandishwa kwa lifti aliyoitunza miaka mingi, akawaambia wauguzi kuwa beringi yake inalia. Alijua hatarudi mtoni. Alichoomba ni kwamba mkewe aende bila yeye, naye, kwa kusitasita, akaenda na binti yao, yule muuguzi, akakaa kando ya maji hadi jua lilipopanda. Alirudi wodini viatu vikiwa na matope, akaonyesha picha aliyopiga, shina lililoinamia mto, tupu, lenye alama za maji tu. Alichelewa kubonyeza, alisema. Kisha akamweleza kaka kwa maneno haya: "Alitoka majini akapanda lile shina kwa miguu, hatua kwa hatua, kama mtu aliyekuta lifti imekufa. Akafika juu, akageuka, akanitazama."

Kaka alilia. Tuliokuwepo tulidhani ni maumivu. Baadaye akaeleza kwamba ndivyo hasa alivyofanya ndege yule mwaka 1994, akapanda, akageuka, akatazama, na hakumwambia mtu yeyote, kwa sababu kadiri miaka ilivyopita aliogopa kuwa aliota, kwamba fundi wa lifti ameona alichotamani kuona. Alimshika mkewe mkono akasema, "Macho manne, Mama." Shemeji akaiweka picha ile kwenye albamu yeye mwenyewe.

Alituacha asubuhi ya Jumapili, tarehe 11 Juni 2023, dirisha likiwa wazi kwa ombi lake. Ameacha mjane, watoto watatu na wajukuu watano.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa ghorofa ya tano, ambao walimvumilia alipowahoji kuhusu mbayuwayu wa dirishani, majirani waliopika na kulala nasi, na kampuni yake iliyotuma mafundi, ambao, tumeambiwa, wamebadilisha ile beringi.

Picha mnayoiona kando ya jeneza, ya shina tupu, haikuwekwa kwa makosa. Watoto watakaokuja watauliza hapa pana nini, na tutawajibu kama alivyotufundisha, alikuwa hapo, na juu ya kaka tutasema vivyo hivyo, tulimwona, na macho yaliyomwona ni zaidi ya manne.

Kaka, pumzika kwa amani.