Desemba Tisa za Mwalimu Salman

Leo, Ijumaa tarehe 28 Novemba 2025, Mwalimu Salman Muhdhar anastaafu baada ya miaka ishirini na sita katika Kituo cha Vijana Tujijenge, hapa Kitale. Alikuja kwa miaka miwili. Barua yake ya kwanza, ambayo mimi karani wenu nimeitunza kwenye faili, inasema ni seremala kutoka Tanga, Tanzania, anayejitolea kufundisha vijana ufundi “kwa muda.” Muda wenyewe umemmaliza nywele zote.

Hakuna aliyemwambia kwamba Kitale kuna baridi. Alifika mtaani kwetu Kipsongo Septemba 1999 na mashati mawili ya mikono mifupi, na wiki mbili za kwanza alifundisha kupiga randa akiwa amejitanda shuka la kitanda. Jumamosi ya kwanza akawapikia wanafunzi wake kumi na wawili pilau ya nyama, sufuria nzima. Walikula wakamaliza, wakakaa wakimtazama, mpaka mmoja wao, Kiptanui, akauliza kwa heshima, “Sasa mwalimu, ugali iko wapi?” Kiptanui huyo leo ana karakana yake mtaa wa Kibomet na ameajiri watu saba. Kuhusu pilau hajabadili msimamo.

Zaidi ya vijana mia nne wamepitia mikononi mwa Mwalimu. Madawati ya shule tatu za mtaa ni kazi yao, na milango mingi ya Kipsongo pia. Mwaka 2016 alianzisha karakana ya pili huko Kibabii, upande wa Bungoma, kwenye banda alilotupatia Mzee Wabwile, mwenyeji wa hapo. Vijana wa huko aliwafundisha mbao asubuhi, na alasiri wakatoka pamoja kujengea chemchemi ukuta ili watu wapate maji safi. Kiswahili alitusahihisha sote bila kuchoka. Mtu akisema “kitabu yangu” mkutanoni, Mwalimu anakohoa, na mikutano yetu ina kikohozi kingi.

Sasa naomba mnivumilie, maana sehemu hii haifanani na sherehe.

Mnajua desturi yetu. Desemba ikifika kila mtu anaenda kwao, na mji unabaki mtupu. Mwalimu naye tulikuwa tunamuaga aende Tanga kwa mama yake, Bi Hasina, ambaye hatukuwahi kumwona lakini tulimpenda. Hatumwachi mtu aende kwao mikono mitupu, kwa hiyo tulimfungia mama mzigo: njugu, unga wa wimbi, maharagwe, mwaka mmoja sweta niliyoifuma mwenyewe. Januari tukimuuliza habari za mama, Mwalimu alikuwa akijibu kwamba salamu zimefika. Tuliridhika na jibu hilo. Na kwa kuwa alikuwa na kwao, hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumwalika Krismasi.

Desemba iliyopita, tarehe 27, nilirudi kituoni mchana kuchukua viti vya arusi ya mpwa wangu. Karakana ilikuwa wazi. Mwalimu alikuwa ameketi peke yake akisugua kigoda kwa msasa, na redio imezimwa. Nilimuuliza kwa nini hajasafiri. Akasema bila kuacha kusugua, “Mama alifariki, Peris. Huu mwaka wa nane.”

Bi Hasina alifariki wiki ileile tuliyofungua karakana ya Kibabii. Dada yake Mwalimu alipompigia simu, yeye alikuwa juu ya ngazi akiweka mlango wa banda, nasi chini tukimshangilia. Mazishi yalikuwa alasiri hiyohiyo, na toka Bungoma hadi Tanga asingewahi kwa vyovyote. Akamaliza kuweka mlango. Aliniambia aliona aibu kutuambia kwamba mama amezikwa na yeye hakuwepo, akasema atatuambia wiki ijayo. Halafu ikafika Desemba, tukaja na mzigo tumeufunga vizuri, tunacheka, na hakupata pa kuanzia. Dada yake alihamia Muscat na mumewe, nyumba ya mama huko Ngamiani, Tanga, ikauzwa. Hakuwa na mlango wa kubisha tena.

Desemba tisa, jamani. Mizigo yetu aliitoa sadaka Kipsongo kwa jina la mama yake, na siku zilizobaki alikaa humu karakanani mpaka tuliporudi. Mji mzima ulikuwa umefunga milango. Idadi ya vigoda alivyotengeneza peke yake nimeshindwa kuihesabu, na ninyi mmevikalia kwenye mikutano mkidhani vimetengenezwa na wanafunzi. Nilimwomba siku ile aje kwangu. Alikataa kwa upole, akaniomba nisimwambie mtu, na nimekaa nalo miezi kumi na mmoja nikinywa naye chai kila siku. Imeniuma.

Wiki iliyopita Ivy wa kamati ya sherehe alinionyesha doti ya leso, nzuri sana, ya kumkabidhi Mwalimu mbele ya watu ampelekee mama. Nilienda kumwambia Mwalimu. Nilimuuliza kama nimnong’oneze Ivy tu, jambo liishe.

“Hapana, andika,” alisema. “Mara ya pili sitaweza kulisema kwa mdomo.”

Ndiyo nimeandika. Jumatatu anasafiri kwenda Tanga, na safari hii kweli anasafiri. Atalizuru kaburi kwa mara ya kwanza. Ameniambia hajui atalala kwa nani, wala atakaa siku ngapi. Mzee Wabwile ametuma neno kwamba kuna chumba kwake Kibabii, na Kiptanui amesema vivyo hivyo. Mwalimu hajamjibu yeyote, nasi hatutamharakisha.

Mkija mbele leo kumpa mkono, msianze na pongezi. Pongezi ziko nyingi na zitasubiri. Sisi watu wa huku hatumwachi mfiwa bila kumpa mkono wa pole, hata miaka ikiwa imepita, na huyu tumemwacha miaka tisa.

Mwalimu Salman, asante kwa kila kijana uliyemshikisha randa, na kwa ujana wako ulioumalizia kwetu. Uendako na urudiko, tunakutakia maisha mema. Na pole sana kwa kufiwa na mama.

Peris Wakhungu,
Karani, kwa niaba ya wafanyakazi wote