Mama Nirudishie Anafunga Dirisha

Kuna jambo sijawahi kumwambia mtu yeyote. Nilipokuwa kidato cha kwanza, kila nilipotumwa mapokezi nilipitia kwanza nyuma ya tangi la maji, nikaifanyia mazoezi sentensi yangu: "Shikamoo mama, mwalimu wa historia anaomba boksi la chaki." Niliisema mpaka ikalainika, ndipo nikaenda dirishani. Nikifika, ulimi unagoma. Aliyekuwa upande wa pili wa kioo hakuwahi kunicheka wala kunimalizia maneno. Aliweka kalamu chini, akanitazama, akasubiri kana kwamba siku nzima hana kazi nyingine.

Huyo ndiye tunayemuaga. Tarehe thelathini mwezi huu, karani wa mapokezi wa shule yetu anastaafu baada ya miaka thelathini na miwili ya utumishi. Walimu, wanafunzi, wazazi na hata kijana anayeleta mkate wanamwita Mama Nirudishie. Wahariri wa jarida hili walitaka wasifu wake uandikwe na mtu mzima, lakini yeye mwenyewe alinielekezea kidole, na kidole chake hakibishiwi.

Aliajiriwa akiwa binti mwembamba (maneno yake, sisi hatukuwepo), akipiga chapa mitihani na kupokea simu ya pekee ya shule. Jina lake la utani lilizaliwa mwaka wake wa pili kazini. Siku ya mashindano ya mpira, alimtuma mlinzi amwambie dereva akawachukue vijana "kule kule". Kwa dereva, kule kule kulikuwa uwanja wa jana. Kwa vijana, kulikuwa uwanja wa kila mwaka. Timu ilirudi kwa miguu, kipa amebeba viatu mkononi, wakati dereva amelala usingizi mzito ndani ya basi upande mwingine wa mji. Kesho yake kila mtu alimshukia dereva. Karani kijana akaingia chumba cha walimu akasema kosa ni lake. "Mimi nilituma maneno," alisema, "lakini sikuangalia yamefika yakiwa na sura gani."

Tangu siku hiyo hakuna ujumbe uliotoka dirishani pake bila kurudishwa kwanza. Akikueleza jambo, anamaliza kwa kusema, "Haya, nirudishie," nawe unamwambia ulichosikia. Ukikosea, hakwambii umekosea. Anasema, "Nimeieleza vibaya, ngoja nijaribu tena." Mwalimu mkuu mwenyewe hurudishiwa na kurudisha. Dereva yule, ambaye sasa ndiye mtani wake mkubwa, kila asubuhi humuuliza, "Dada, nimekusalimia, nikurudishie na salamu?" Naye hujibu, "Rudisha tu kaka, salamu haziozi."

Wazazi wenye hasira walikuwa fani yake. Nakumbuka baba mmoja aliyekuja akifoka kwa sababu mwanawe alirudishwa nyumbani katikati ya wiki. Alipiga kelele mpaka wapishi wakatoka jikoni. Mama Nirudishie alimwacha amalize pumzi, kisha akasema taratibu: "Baba, nimekusikia hivi. Mtoto alifika nyumbani usiku, hakuna mtu, na wewe ulikuwa safarini, ukaogopa. Nimekosea wapi?" Yule baba alitafuta kiti, akaketi. "Hujakosea," alisema. Baada ya hapo mazungumzo yao yalisikika na watu wawili tu, yeye na karani.

Nyumbani nako mambo ni hayo hayo. Mume wake, fundi viatu, aliwahi kutuambia kwamba miaka yao ya kwanza ya ndoa waligombana sana kwenye chakula cha jioni, kila mmoja akijibu swali ambalo mwenzake hakuuliza. Siku hizi mkewe hamtumi sokoni kabla hajamrudishia maneno. "Nina mke mmoja na mitihani miwili," alilalamika, huku anacheka. "Wa kwenda na wa kurudi."

Muhula uliopita sauti yake ilianza kukwaruza, kisha ikabaki mnong'ono. Daktari aliona kivimbe kooni, akakata kipande kidogo kikapimwe, akamkataza kutamka hata neno moja mpaka majibu yatoke. Mtu aliyefanya kazi kwa sauti maisha yake yote akawa anasubiri kuambiwa kama atastaafu nayo, au kama ana ule ugonjwa ambao watu wakiutaja hushusha sauti. Hakuchukua likizo. Alisema (kwa maandishi) kwamba nyumbani angesikiliza koo lake tu.

Mwalimu mkuu alitafuta mwanafunzi wa kumsemea wakati wa mapumziko na baada ya masomo. Alinichagua mimi, akisema mapokezi yanahitaji mtu mtulivu. Nadhani alichanganya utulivu na woga.

Mama alinifundisha kazi kwa penseli. Akigonga meza mara moja, maana yake punguza mwendo. Akigonga mara mbili, uliza. Siku ya kwanza niligongewa kama mlango wa jirani anayejificha. Nilikuwa nawakubalia watu kabla hawajamaliza kusema, ili waondoke. Mzazi akisema anamtaka mwalimu, namwitikia sawa na kumwita yeyote aliye karibu; penseli inalia, narudi kuuliza mwalimu yupi. Polepole nikagundua kwamba watu hawakasiriki wanapoulizwa. Wengi wanalegea mabega.

Majibu yalikuja Ijumaa, wakati wa mapumziko. Simu yake iliita, akaona namba ya hospitali, akaiweka spika na kunisukumia.

"Naongea na nani?" muuguzi aliuliza.

Nilisema mimi ni mwanafunzi, namsemea mgonjwa, naye yupo hapa anasikiliza na ameniruhusu. Nikamsomea namba ya kadi yake.

"Haya. Majibu yametoka. Aje Jumatatu, na aje na ndugu wa karibu. Sawa?"

Kila mtu anajua wagonjwa gani huambiwa waje na ndugu. Mwalimu wa hesabu, aliyekuja kuchukua chaki, alisimama palepale na boksi kifuani. Mama Nirudishie aligeukia ukuta. Mimi nilikuwa tayari na "sawa, asante" mdomoni, maana hilo ndilo neno linalotuokoa sisi wenye haya. Kisha nikasikia penseli. Iligonga mara mbili, kwa udhaifu sana.

"Samahani dada," nilisema. "Naomba nikurudishie. Umesema majibu yametoka na aje Jumatatu na ndugu. Ndugu ni wa nini? Majibu ni mabaya?"

Halafu muuguzi akashusha pumzi kwa nguvu.

"Jamani, nimewatisha! Si mmesema hawezi kuongea? Daktari ana maswali, sasa nani atamjibu? Mwambie atulie. Ni kivimbe cha kawaida, wanakipata sana watu wanaotumia koo kila siku. Si kile mlichokuwa mnakifikiria. Kitatibika."

"Ni cha kawaida," nilirudia. "Si kile. Kitatibika."

"Ndiyo, mwanangu. Hasa hivyo."

Mama Nirudishie alilaza kichwa juu ya meza, mabega yakatikisika. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka bila sauti, kwa sababu amri ya daktari ni amri. Mwalimu wa hesabu aliliachia boksi lote la chaki sakafuni na hakuna aliyemlaumu.

Sauti imerudi, nzito kidogo. Dereva anasema inafanana na lori linalopanda mlima. Alijibiwa kwamba lori hilo likifika juu litamkuta bado amelala ndani ya basi.

Mama, kwa niaba ya walimu, wafanyakazi na sisi wanafunzi, asante kwa miaka yote uliyotusubiri tumalize kusema. Nenda kapumzike. Tunakuombea asubuhi zisizo na kengele, koo lenye afya, na nyumba iliyojaa watu wa kukusikiliza kama ulivyotusikiliza.

Watu wameniuliza nilifanya nini simu ile ilipokatika. Nilikwenda bombani kunawa uso. Nikarudi, nikamsaidia mwalimu kuokota vipande vya chaki. Nilipoinuka nilimwona mama mmoja amesimama nje ya dirisha, mtoto mgongoni, hakuna anayemhudumia. Nikafungua kioo, nikamwamkia, nikamuuliza amekuja kumwona nani.